Dubwana, Binadamu na Kiambishi: Juu ya Riwaya za Vioja na Mashujaa Wake Waliobadili Jinsia

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika madarasa yetu ya fasihi, na nadhani umefika wakati yatazamwe upya. Zimwi likitokea hadithini, mwanafunzi wa kwanza kuinua mkono husema kwamba zimwi hilo ni ukoloni. Wa pili husema ni ufisadi. Wa tatu, aliyezama katika nadharia kidogo zaidi, husema ni utandawazi. Majibu yote matatu huandikwa ubaoni, tunayanakili, na zimwi lenyewe, pamoja na makucha yake, harufu yake na njaa yake, halitajwi tena hadi mwisho wa muhula. Mazoea haya hayakuzuka hewani. Shaaban Robert alipoiandika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka wa 1951, alikuwa chini ya utawala wa kigeni, na nchi yake ile ya angani ilikuwa ikiwataka wasomaji wake waione nchi nyingine chini yake. Kyallo Wadi Wamitila naye katika Bina-Adamu! (2002) ametupa safari ya vioja ambayo ni vigumu kuielewa pasi na kuyafikiria mataifa makubwa na uchumi wao. Istiari ni mbinu halali, na hakuna mwenye akili timamu atakayeipiga marufuku. Ninachokipinga ni kuifanya kuwa ndiyo njia ya pekee ya kuingilia kila kazi yenye kiumbe cha ajabu ndani yake.

Ninaileta hoja hii kwa kupitia tawi la fasihi ambalo huenda wengi wa wasomaji wa jarida hili hawajakutana nalo, na ambalo baadhi yao, wakikutana nalo, watakifunga kitabu kabla ya ukurasa wa kumi: riwaya za Kimarekani za kutisha zinazojulikana kwa jina la bizaro, hasa zile zenye madubwana makubwa kama majengo, pamoja na zile zilizo jirani nazo ambamo shujaa ni mwanamke aliyebadili jinsia. Naamini riwaya hizi zina jambo la kutufunza, na kwamba jambo hilo halionekani iwapo zitasomwa kwa mazoea niliyoyataja. Ukiwa na dubwana na mwanamke wa namna hiyo katika kurasa zile zile, ukaamua kuwa dubwana ni ishara tu, utajikuta baada ya aya mbili umemgeuza na mwanamke yule kuwa ishara. Atakuwa ishara ya mabadiliko, ya usasa, ya mmomonyoko wa maadili, ya uhuru, kutegemea msimamo wa anayesoma. Wanaomtetea na wanaomlaani watakuwa wamekubaliana jambo moja, kwamba haja yake ya kula, kulala na kupenda haihitaji kuzungumziwa.

Kuhusu jina, naomba niruhusiwe kuchepuka kidogo. Neno bizaro limetoholewa tu, na si lazima tulikatae, lakini Kiswahili kina neno lililokuwa likiisubiri kazi hii: kioja. Kioja ni jambo la ajabu linalotendeka mbele ya macho ya watu, likawashangaza, likawachekesha na kuwatia hofu kwa pamoja. Najua kuwa Mkenya akilisikia neno hili masikio yake hukimbilia Vioja Mahakamani na mshtakiwa anayemjibu hakimu kwa ujanja. Hilo halidhuru. Riwaya hizi nazo huchekesha, na mara nyingi huchekesha pale pale zinapotisha. Nitaziita riwaya za vioja, na anayependelea bizaro atanielewa. Kile kiumbe kikubwa cha kubomoa miji, ambacho Wajapani hukiita kaiju, nitakiita dubwana, neno ambalo hata kwa matamshi yake tu lina uzito.

Bizaro kama jina lina umri mdogo. Mwaka wa 2005 mashirika madogo ya uchapishaji ya Marekani, yaani Eraserhead Press, Raw Dog Screaming Press na Afterbirth Books, yalilichagua ili kuviweka pamoja vitabu ambavyo wenye maduka hawakujua waviweke katika rafu gani. Vingine vilikuwa vikiandikwa kabla ya hapo: Satan Burger ya Carlton Mellick III, mwandishi anayetajwa zaidi katika kundi hili, ilitoka mwaka wa 2001. Mwaka wa 2006 ukatoka mkusanyiko wa kuwatambulisha waandishi hao, The Bizarro Starter Kit, na mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, ukawa ndio kitovu chao. Vitabu vyao kwa kawaida ni vyembamba, vina majalada ya kupiga kelele, na vingine vina majina ambayo siwezi kuyaandika katika jarida hili bila kuitwa na mhariri.

Kanuni yao kubwa ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Kioja hutajwa mara moja, katika sentensi ya kawaida, bila kuombewa radhi wala kufafanuliwa, kisha wahusika huishi nacho. Hapa ndipo riwaya hizi zinapoachana na uhalisia-mazingaombwe tunaoufundishwa. Katika uhalisia-mazingaombwe ulimwengu wa kawaida umesimama, na ajabu hupita ndani yake kama mgeni anayeheshimiwa. Katika riwaya ya vioja mwenyeji ndiye kioja. Jeff Burk katika Super Giant Monster Time! (2010) anaushambulia mji kwa madubwana na kumwachia msomaji achague mwenyewe ageukie ukurasa gani, na kila uchaguzi una matokeo yake. Hakuna nafasi ya kuuliza madubwana yale yanawakilisha nini, kwa kuwa unatakiwa kwanza kuamua utakimbilia wapi.

Nikubali mapema kwamba sehemu kubwa ya tawi hili ni kelele. Mwandishi anayeshindana na wenzake kwa ukubwa wa ajabu hufika mahali ambapo hakuna linaloshangaza tena, na kinyaa kilichorundikwa juu ya kinyaa humchosha msomaji kuliko kumtisha. Lakini ni fasihi gani isiyo na makapi? Tungeihukumu riwaya ya Kiswahili kwa vitabu vyake dhaifu, tusingekuwa na idara.

Mfano bora wa dubwana linalobeba maana bila kumezwa nayo haumo katika riwaya, umo katika filamu, na riwaya za vioja zenye madubwana zina deni kwake. Gojira, iliyoongozwa na Ishirō Honda, ilitolewa na kampuni ya Toho nchini Japani tarehe 3 Novemba 1954. Miezi minane kabla ya hapo, tarehe 1 Machi, Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa chombo cha Kijapani kilichoitwa Daigo Fukuryū Maru. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Filamu inaanza kwa chombo cha baharini kinachoangamizwa na mwanga usioelezeka. Hakuna Mjapani aliyehitaji mhakiki wa kumweleza kuwa hapo panazungumzwa bomu. Ingekuwa dubwana lile ni ishara tupu, kazi ingeishia dakika ya tano.

Haikuishia hapo kwa sababu Honda na wenzake walilipa dubwana lao mwili. Lina urefu wa meta hamsini. Ndani ya vazi zito mno alikuwemo mwigizaji, Haruo Nakajima, aliyekwenda polepole kwa kuwa hakuweza kwenda haraka, na upole ule wa hatua ndio unaotisha: halina haja ya kukimbia. Chini ya jengo linaloungua ameketi mama na wanawe, akiwaambia kwamba punde watakuwa pamoja na baba yao. Hospitalini mganga anakisogeza kifaa cha kupimia mnururisho karibu na mtoto, kisha anatikisa kichwa. Mtazamaji analijua bomu kwa kuwa ameliona dubwana, na kwa kuwa ameona nani amekanyagwa. Mpangilio huo ukipinduliwa, maana ikatangulia na mwili ukafuata, hubaki hotuba.

Sasa nigeuke upande wa pili wa mada yangu. Kwa miongo mingi katika filamu na riwaya za kutisha za Kimarekani, dubwana halikuhitaji kutoka baharini. Lilikuwa mwanamume aliyevaa gauni. Katika Psycho, riwaya ya Robert Bloch ya 1959 iliyotengenezwa filamu na Alfred Hitchcock mwaka wa 1960, mwuaji anaonekana akiwa katika mavazi ya mama yake. Sleepaway Camp ya 1983 inaufanya mwili wa mhusika wake mkuu kuwa ndio kitisho cha mwisho kabisa, picha ya kuwafanya watazamaji wapige ukelele. The Silence of the Lambs, riwaya ya Thomas Harris ya 1988 na filamu ya 1991, ina mwuaji anayewachuna wanawake ngozi ili ajishonee umbo la kike. Ni kweli kwamba ndani ya masimulizi yenyewe inasemwa kuwa mwuaji huyo si mtu aliyebadili jinsia kwa hakika. Lakini umma haukubaki na maelezo hayo, ulibaki na picha. Katika kazi hizi zote mtu anayevuka mpaka wa jinsia haoni. Huonwa. Kamera iko kwa mwingine, na yeye yuko nyuma ya pazia ameshika kisu.

Msomi wa Kimarekani Susan Stryker, ambaye mwenyewe ni mwanamke aliyebadili jinsia, ndiye aliyelipindua jambo hili kwa namna ambayo waandishi wa leo bado wanaifuata. Katika insha aliyoiwasilisha mwaka wa 1993 na kuichapisha mwaka uliofuata, alirejea katika Frankenstein ya Mary Shelley (1818), akasimama pale ambapo kiumbe asiye na jina anakutana na mwumbaji wake kwenye barafu ya milima ya Alps, na badala ya kulikana neno dubwana akalidai liwe lake. Wengi husahau, kwa sababu ya filamu, kwamba kiumbe wa Shelley ni msemaji hodari. Amejifunza lugha akiwa amejificha kando ya nyumba ya watu, akiwasikiliza kupitia ufa. Anamwambia mwumbaji wake habari zake kwa ufasaha kuliko mwumbaji mwenyewe. Stryker aliona kwamba jambo la kupiganiwa hapo ni nafsi ya kwanza, yaani haki ya dubwana kusema mimi.

Hapo ndipo tunapofika kwa riwaya ninayotaka izingatiwe kuliko zote katika makala haya: The Worm and His Kings ya Hailey Piper, iliyotoka mwaka wa 2020. Piper ni mwanamke aliyebadili jinsia na anajulikana hadharani kuwa hivyo. Riwaya yake nyingine, Queen of Teeth (2021), ambamo mwili wa mwanamke unabadilika na kukua huku kampuni kubwa ya dawa ikimwinda kana kwamba ni mali yake, ilipata tuzo ya Bram Stoker ya riwaya ya kwanza. The Worm and His Kings ni fupi. Tuko New York, mwaka wa 1990. Monique, ambaye ni mwanamke aliyebadili jinsia, hana makazi, na mpenzi wake Donna ametoweka. Wanawake wengine maskini nao wametoweka. Kuna minong'ono kwamba chini ya mji kuna kiumbe chenye kucha ndefu kinachowanyakua watu na kuwashusha gizani. Polisi hawatafuti, kwa kuwa waliotoweka ni watu ambao kutoweka kwao hakumshtui yeyote. Basi Monique anashuka mwenyewe, chini ya njia zinazojulikana, hadi kwa waumini wa ibada ya siri na kitu kikubwa kisichopimika kwa meta, kinachoanzia mwanzo wa wakati.

Najua jinsi riwaya hii ingesomwa katika semina zetu. Kiumbe chenye kucha ni mji wa kibepari unaowala maskini. Si uongo. Piper ameliweka jambo hilo wazi kiasi kwamba kuligundua si ushindi. Lakini ukiishia hapo hutaweza kueleza kwa nini Monique anashuka. Hakuna mtu anayeteremka shimoni usiku, akiwa na njaa, kuufuata ubepari. Anashuka kwa kuwa Donna yumo mle. Kubadili kwake jinsia kumo katika kisa hiki kama ulivyomo umaskini wake na mapenzi yake: ni sehemu ya maisha anayoyabeba, inayoeleza kwa nini milango kadhaa imefungwa mbele yake. Nguvu ya kitabu hiki imo katika kwamba dubwana ni dubwana kweli, lina kucha kweli, na mwanamke huyu ni mtu kweli, kwa hiyo tunahofu akikutana nalo.

Ziko kazi nyingine zinazopaswa kutajwa ingawa haziingii sawasawa katika vioja. Tell Me I'm Worthless ya Mwingereza Alison Rumfitt (2021) ina nyumba yenye pepo iitwayo Albion na wanawake wawili waliowahi kupendana, Alice na Ila, ambao kila mmoja anaamini mwenzake alimtendea unyama ndani yake. Uhasama wa wanawake hao ni wa kweli na unauma. Nyumba, kwa maoni yangu, inafifia kila inapojieleza kuwa ni ufashisti wa Uingereza. Inapojikausha kimya, msomaji hatamani kugeuka nyuma. Manhunt ya Gretchen Felker-Martin (2022) inaanzia katika Marekani ambamo maradhi yamewageuza kuwa wanyama wakali wote wenye kiwango kikubwa cha homoni ya kiume. Beth na Fran, wanawake waliobadili jinsia, wanalazimika kuwinda ili wapate homoni ya kuwaepusha na maradhi hayo. Damu ni nyingi kupita kiasi, na sidhani kwamba kila tone lina kazi. Hata hivyo kuna jambo ambalo mwandishi huyu amelifanya na wengi hawathubutu: mashujaa wake si malaika. Fran huchukuliwa na watu kuwa mwanamke bila swali, Beth hachukuliwi hivyo, na tofauti hiyo inauchafua urafiki wao kwa husuda na usaliti mdogo mdogo. Shujaa asiye na dosari naye ni ishara tu, ishara iliyopakwa marashi.

Je, haya yote yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Ningesema yanamhusu kwa lugha yake kabla ya jambo lingine lolote. Tuchukulie kwamba mmoja wetu ameamua kuitafsiri mojawapo ya riwaya hizi. Katika Kiingereza adui hana haja ya tusi refu ili kumvunja shujaa wa namna hii. Humtaja kwa kiwakilishi cha kiume, silabi moja, na pigo limefika. Kiswahili hakina pigo hilo. Yeye ni yeye. Alikuja, akaketi, akalia: kiambishi a- hakiulizi aliyekuja ni wa kike au wa kiume. Kwa ukurasa mzima msomaji wa Kiswahili atakuwa na Monique mbele yake akiwa mtu, bila mwandishi kulazimika kumtetea, na adui atakayetaka kumvunjia hadhi itambidi atafute nomino: bwana, kaka, dume, au lile neno baya la jikedume ambalo wasichana wengi wenye sauti nzito au mwendo wa kasi wamewahi kurushiwa.

Hata hivyo tusijipongeze mapema. Lugha yetu haimbagui mtu kwa jinsia katika kiambishi, lakini inacho kisu chake, nacho ni ukubwa. Mtu akiwa jitu, mwanamke akiwa janajike, upatanisho unaweza kuacha a- ukawa li-: lile limekuja, limeketi, linatutazama. Katika ngano zetu zimwi huweza kupewa a- kama kiumbe yeyote mwenye uhai, na huweza kupewa li- pale msimuliaji anapotaka kumtoa katika jamii ya wenye uhai. Walimu wetu wa sarufi hutusahihisha, kwamba nomino za viumbe hai zote ziingie katika ngeli ya a-wa, na katika mtihani tunatii. Barabarani na sokoni mambo ni mengine. Anayesema li- juu ya binadamu anajua anachokifanya, na anayesemwa anajua zaidi. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya kama hizi ingeweza kupigana vita vyake vyote katika kiambishi hicho: nani anamwita shujaa li-, lini, na nani anakataa, na je, dubwana lenyewe, tukishalijua kwa karibu, linaweza kupanda kutoka li- hadi a-? Kiingereza hakina nyenzo hii kwa ukamilifu huu. Ni nadra sana kwa mfasiri kuwa tajiri kuliko mwandishi, na hapa tungekuwa matajiri.

Suala la istilahi nalo lisipuuzwe. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Si mtu tunayemzungumzia hapa, na kuwachanganya ni kuwakosea wote wawili. Mwanamke aliyebadili jinsia, istilahi niliyoitumia kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na vyombo vya habari, ina kasoro: kitenzi kubadili kinadokeza kwamba awali alikuwa kitu kingine, ilhali wengi wa wahusika wanaoitwa hivyo husema hawakubadili walichokuwa, walibadili kinachoonekana. Wanaleksikografia wana kazi hapo.

Watakuwepo watakaosema kuwa mambo haya si yetu na kwamba jarida la chama cha Kiswahili lina mengi ya kutangulizwa. Sina ugomvi na anayesema kwamba wahusika hawa ni Wamarekani. Ni Wamarekani, na matatizo yao ya kodi ya nyumba na bima ya matibabu ni ya kwao. Tumesoma Kafka, tukamkubali mtu aliyeamka akiwa mdudu, na hakuna aliyetuuliza mdudu yule ni wa kabila gani. Pingamizi zito zaidi ni la kinyaa, kwamba kuna miili ambayo msomi mwenye staha haielekezei macho. Kwa hao ninayo hadithi ambayo ni ya kwetu hasa.

Katika Swahili Tales, mkusanyiko alioutoa Edward Steere mjini London mwaka wa 1870 kutokana na masimulizi aliyoyapata Zanzibar, kimo kisa cha Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula mfugo, watu wanashtaki, sultani anasema paka ni wake na mfugo ni wake. Paka anakula wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na jibu la sultani ni lile lile, hadi anapoliwa mtoto wake mwenyewe. Hapo ndipo anapotambua kuwa huyo si paka tena. Ni Nunda, mla watu. Mwanawe mdogo anatoka kwenda kumwua. Lakini hajapata kumwona Nunda. Anaua mbwa na kumburuta hadi kwa mama yake, akishangilia, na mama anamwambia siye. Anaua punda milia. Siye. Anaua twiga, anaua kifaru, anaua hata ndovu, na kila mara mama anamrudisha porini. Wahakiki wameisoma ngano hii kama kisa cha ushujaa, na mwisho wake unawaruhusu, kwani Nunda anauawa. Mimi huwahesabu wale wanyama waliotangulia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula mtu. Walikuwa wakubwa, au wageni machoni pa kijana, na hilo lilitosha. Mla watu alikuwa amelelewa nyumbani, akiitwa paka, akila mbele ya macho ya wote, kwa kuwa ni wa sultani. Ngano ile inajua kwamba kumtambua Nunda ni kazi ngumu kuliko kumwua, na haimfichi mtambuzi anayekosea. Anayeifahamu atamwelewa Monique pasi na somo la nadharia.

Kwa mwenye kutafuta mada ya tasnifu au zoezi la tafsiri, kazi inaanzia jaladani. The Worm and His Kings: katika jina hilo Kiingereza kimempa mnyoo jinsia ya kiume, na ukisema Mnyoo na Wafalme Wake jinsia hiyo imetoweka. Mfasiri atauliza kama kuna hasara, na pengine hakuna. Swali gumu ni jingine. Mnyoo ni wa ngeli ya m-mi kwa umbo, ni wa a-wa kwa uhai, na kwa kimo chake riwayani unastahili kuwa jinyoo, lenye wafalme walo. Nimeijaribu aya moja kwa a- na kwa li-. Kwa li- ilitisha mara moja, na hofu ikaishia hapo. Kwa a- kiumbe kile kilikuwa na nia, kilimtaka mtu fulani, na Monique alikuwa chini kule akikisikia kinasogea. Mpaka sasa ninaelekea kwenye a-, ingawa mwenzangu mmoja wa isimu ameniahidi kunipinga katika toleo lijalo.